Kijitabu cha Babu wa Kijerumani

Kwenye basi la kwenda Satwa, huku Uarabuni, mwaka 2013, dada mmoja Mkenya aitwaye Teresiah alikuwa akizungumza na mzee Marhun wa Unguja. Walikuwa wamejuana kituoni tu. Aliposikia kwamba mzee alisomea Ujerumani ujanani, alitoa kijitabu cha kijivu mkobani.

"Babu Mjerumani ninayemuuguza ana miaka tisini na mbili. Ameniambia nikitupe, binti yake asikione. Nisomee, mzee."

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma yao, nikijifanya nasoma simu.

Marhun alivaa miwani, akasoma taratibu. "Hiki ni cha kazi yake wakati wa vita. Hakuwa mwanajeshi, alikuwa polisi. Kikosi chake kilikuwa Poland mwaka arubaini na mbili."

"Polisi si ni afadhali?"

"Si hao, mwanangu. Vikosi vya namna hiyo viliwatoa Mayahudi majumbani, wanawake na watoto, wakapigwa risasi msituni."

"Imeandikwa hapo kwamba yeye aliua?"

"Hapana. Imeandikwa kwamba alikuwepo, tena akapewa nishani."

Teresiah alikichukua tena kijitabu. "Huyu hunishukuru hata nikimpa maji."

"Usikitupe. Mpe bintiye."

"Atanifukuza. Yeye ndiye mdhamini wa viza yangu."

"Na waliouawa, nani atawasemea?"

"Kesho asubuhi ni mimi nitamwogesha," Teresiah alisema polepole. "Nitamshikaje?"

Marhun alitaka kusema kitu, lakini basi lilisimama na milango ikafunguka. Teresiah akashuka, kijitabu kikiwa bado mkononi.