Mwalimu Marcelina na Waliochelewa

Marcelina Oswald alizaliwa Kalinzi tarehe 14 Machi 1978, mtoto wa tatu wa Mzee Oswald na Mama Verediana, wakulima wa kahawa. Mama yake husema alizaliwa kabla mkunga hajafika, na tangu hapo hakuna aliyewahi vya kutosha machoni pake.

Alisoma shule ya msingi Kalinzi, sekondari Kigoma mjini, kisha akapata shahada ya takwimu mwaka 2003. Alifundisha hisabati katika shule binafsi huko Rusimbi. Mwanafunzi aliyechelewa alisimama nyuma ya darasa hadi kipindi kiishe. Nyumbani, tuliochelewa chakula tulikula tumesimama.

Tarehe 6 Agosti 2005 alifunga ndoa na Bwana Adolf Gasper. Pikipiki ilimharibikia bwana harusi njiani. Ndiyo maana katika picha ya harusi bibi harusi ameketi na bwana harusi amesimama. Watu hudhani mpiga picha ndiye aliyewapanga.

Kwa kuwa hakusomea ualimu, mwaka 2021 shule ilimwambia wazi kwamba bila leseni ya kufundisha angepoteza kazi. Alijiunga na stashahada ya uzamili ya elimu, akisoma kwa masafa, akafaulu mitihani yote. Yakabaki mazoezi ya kufundisha. Msimamizi kutoka chuoni, Dakta Pazi, aliingia kipindi kikiwa kimeshaanza. Mwalimu akamwelekeza asimame nyuma.

“Mwalimu, mimi ndiye ninayetoa alama.”

“Shikamoo, Dakta. Pale, karibu na dirisha.”

Alifelishwa. Mume, mawifi na paroko walimsihi aombe radhi. Aliomba, lakini kwa wanafunzi, kwa dakika walizopoteza. Shule ikampa mwaka mmoja tu wa nyongeza.

Mwaka uliofuata Dakta Pazi aliwahi, na aliyechelewa akawa Mwalimu mwenyewe. Alikuwa amekwenda Kalinzi kumwona mama yake, mvua ikakata njia. Aliingia na tope hadi magotini, akapita moja kwa moja hadi nyuma ya darasa, akasimama. Leseni yenyewe ndiyo ilikuwa inakwenda hivyo.

“Sasa nani anafundisha?” Dakta aliuliza.

“Nimechelewa, Dakta.”

Dakta Pazi alishusha pumzi, akageuza kiti chake. Wanafunzi wakageuza madawati. Mwalimu alifundisha kipindi kizima akiwa kulekule nyuma, akafaulu. Leseni aliipata Novemba 2023.

Mwaka 2024 alianza kuumwa figo. Tulimwomba aende hospitali. Alisema kwanza kidato cha nne wamalize mtihani. Huko ndiko pekee alikokubali kuchelewa, na hatujamaliza kumkasirikia. Alifariki dunia mjini Kigoma alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, Winfrida na Feliksi, dada yake Leonia, na wanafunzi wengi. Dakta Pazi yupo nasi. Alifika tangu jana jioni.

Ibada ilipangwa kuanza saa saba kamili. Waliochelewa wanajua pa kusimama.

Mwalimu wetu apumzike kwa amani.