Diski Iliyosafishwa Mara Tatu

Assalaam alaykum, wanachama wenzangu wa chama chetu cha kuzikana, na wenzetu wa kanisani, habari za asubuhi. Mnanijua. Ninyi ndio mliomchimbia kaburi mke wangu, mkakaa nami matanga mpaka mwisho. Yaliyofuata baada ya kukunja mikeka hamkuyaona, na ndiyo niliyoyaleta leo.

Marehemu alikuwa akiimba kaswida. Mwaka mmoja, kwenye maulidi, kikundi chao kilirekodiwa, akapewa kopi ya diski. Siku ya arubaini tuligawa nguo zake zote, hata ile kanga aliyoipenda. Mimi nikabaki na diski.

Sasa, harusi ngapi hapa Kilangala nimezipigia muziki kwa spika zangu? Nilijisifu kwamba nina sikio. Basi nikampelekea diski fundi mmoja mjini Lindi, nikitaka tu ushauri. Akaniambia, "Mzee, hii ni kopi, na kopi inachuja. Nina diski maalumu nyeusi. Nikiirekodi humo polepole, sauti inarudi ilivyotoka kinywani."

Nikaamini papo hapo. Sisi tuliokulia kwenye kaseti tunajua: kopi ya kopi ni majani ya chai yaliyochemshwa mara ya tatu. Sikujua kwamba diski haina tabia hiyo, na sikumuuliza mtu. Mwenye sikio anamuuliza nani?

Nikampa gunia la korosho. Diski ikarudi, nikasikiliza, na wallahi nikamsikia mke wangu akivuta pumzi kabla ya kuanza. Nikairudisha isafishwe tena, akaenda mbuzi. Mara ya tatu ikaenda baiskeli, nikarudi kwa basi, diski nimeipakata. Msicheke. Au chekeni, nimeshazoea.

Lakini mali si kitu. Ndugu zangu, nawaambia kilichoniumiza. Nina binti mmoja, mnamfahamu, ana sauti ya mama yake. Alikuwa akibangua korosho huku akiimba. Siku moja nilikuwa nasikiliza diski, nikamtolea ukali: "Nyamaza, unamharibia mama yako."

Akanyamaza. Nami nikaona raha, kwa sababu nyumba ilitulia. Akawa anatembea kwa kunyata, sufuria anaziweka chini kama mayai. Asubuhi shikamoo yake ikawa ya kunong'ona, baadaye ikawa ya midomo tu. Nami namjibu kwa kichwa, spika zinaimba. Mtoto amefiwa na mama, na baba yuko hapo hapo, hana baba.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaja kutoka Mchinga kututazama. Akakaa siku mbili, akaona. Akasema, "Shemeji, hebu geukia ukutani. Nitaweka ya zamani, iliyosafishwa kwanza, na hii ya mwisho. Nitazichanganya. Wewe uniambie ipi ni ipi."

Nikageuka kwa kiburi. Nikasikia anafungua kifuniko cha diski kwenye redio, anafunga, kaswida inaanza. Nikasema, hiyo ni ya zamani, ina ukungu. Akafungua, akafunga. Hiyo ni ya kwanza, imechangamka kidogo. Akafungua, akafunga. Hapo machozi yakanitoka. Nikamwambia, "Hii ndiyo yenyewe. Msikilize dada yako anavyovuta pumzi."

Akazima redio. Kisha akasema, "Shemeji, sijabadilisha. Nimeweka ile ya zamani mara zote tatu."

Nililia kuliko siku ya mazishi. Pumzi ile niliiweka mwenyewe kwa hamu yangu, na fundi alichukua baiskeli. Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwomba aimbe, hata ubeti mmoja. Akasema, "Baba, nimezoea kunyamaza."

Tangu siku hiyo napona polepole, na bado sijapona sawasawa. Namshukuru shemeji, yupo pale nyuma anainamisha kichwa. Nawashukuru akina mama wa chama hiki mliokuja kubangua korosho kwangu kila wiki bila kuniuliza kitu, mkaongea na yule mtoto mpaka akaanza kujibu. Fundi simlaani. Mimi ndiye niliyempelekea masikio yangu.

Funzo langu ni dogo. Mtu akikuahidi sauti bora kuliko unayoisikia, mwambie akuwekee zote mbili, nawe umempa mgongo. Na ukifiwa, usiwanyamazishe waliobaki.

Kuimba, binti yangu bado. Diski zote nne ziko kabatini na sijui kama nitazifungua. Ila leo asubuhi, wakati navaa kuja hapa, binti yangu alisema "Shikamoo baba" kwa sauti, mpaka jirani akadhani kaitwa yeye. Nilishindwa kuitika marahaba mara moja. Nilitaka aseme tena.