Koti la Ndugu Wanzala

Ifikapo tarehe 31 Desemba 1998, Ndugu Phanuel Wanzala atafunga mlango wa ofisi yetu ya Kawangware kwa mara ya mwisho, baada ya kukitumikia Chama cha Wafumaji na Washonaji kwa miaka ishirini na sita. Nasema kwa mara ya mwisho, lakini wanaomfahamu wanajua kwamba Januari atakuwa pale nje akitaka kuelezwa kwa nini tumechelewa kufungua.

Alianza akiwa fundi wa mashine katika kiwanda cha vitambaa, akitoka mtaa wa Kisumu Ndogo kwa miguu kila asubuhi. Wenzake wakamchagua mwakilishi wao, kisha katibu wa tawi. Alipigania maziwa kwa wanaovuta vumbi la pamba na likizo ya uzazi yenye malipo, akashinda yote mawili. Kutulia hakujui. Mkutano ukianza amesimama, ukiisha bado amesimama, na kiti chake cha ofisini kingali kipya.

Halafu soko likafunguliwa. Masharti ya mikopo ya serikali kutoka nje yalitaka mipaka ilegezwe, mitumba ikafurika, na mwaka wa 1993 kiwanda kikafungwa. Hapo chama chetu, cha watu wa mrengo wa kushoto wanaoitana ndugu, kikapasuka katikati. Wanzala alishikilia kwamba nchi isiyojivika haijitawali: mpaka ufungwe, viwanda vifufuke. Mwenyekiti wetu, Ndugu Ndeti, alimjibu kwamba mpaka ukifungwa atakayenona ni tajiri yule yule aliyetufuta kazi, na kwamba mfanyakazi hana adui ng'ambo ya bahari, ana mwenzake. Walibishana mpaka chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Mimi, karani wao, nilikubaliana na kila aliyesema mwisho, na ugonjwa huo haujanitoka hadi leo.

Julai 1994 Wanzala akaja na shauri la kuchoma mitumba hadharani, pale mtaani Kongo, hapa hapa Kawangware. Tatizo ni kwamba hatukuwa na mitumba ya kuchoma. Tukafanya harambee. Naam, watu waliopoteza kazi kwa sababu ya mitumba walichanga wakanunua robota zima, na muuzaji akatukaribisha tena.

Siku hiyo kulikuwa na baridi ya kuuma mifupa. Wanzala alisimama na kibiriti na mafuta ya taa, koti lake la kijivu limefungwa hadi shingoni. Lakini robota lililobanwa halishiki moto, basi tukakata kamba, na hapo ndipo tulipokosea. Huku kwetu robota likifunguliwa, watu huchagua kwanza kamera, yaani zile nguo safi kuliko zote. Mikono ya wanachama haikungoja azimio la mkutano. Kavetsa, fundi wetu hodari wa cherehani, alichukua sweta la mtoto akasema anatazama mshono tu. Hakulirudisha.

Wanzala alipaza sauti kwamba kila uzi katika rundo lile umeua kazi ya mtu. Ndipo mkewe Phanice, anayeuza mitumba Kisumu Ndogo, na aliyekuwa akiilisha nyumba yao tangu kiwanda kifungwe, akapenya katikati ya watu.

"Sawa, Baba Derrick," akasema. "Choma. Lakini anza na hiyo koti umevaa. Ulidhani nilitoa wapi?"

Ndeti, aliyekuwa na haki ya kucheka kuliko wote, alitazama viatu vyake. Wanzala alifungua vifungo kimoja kimoja, akalivua koti, nasi tukadhani ataliwasha. Alilikunja, akamkabidhi mkewe, akaondoka na shati tu. Nilimwonea huruma, na nikampenda kuliko siku zote.

Katika mkutano uliofuata alileta hoja mbili. Ya kwanza, wauza mitumba na mafundi wanaoirekebisha waingizwe chamani, kwa kuwa nao ni wafanyakazi. Ya pili, chama kiendelee kudai mitumba itozwe ushuru mkali. Tulimwambia hoja zake zinagombana. Akasema anajua, ndiyo maana amezileta pamoja. Zote zikapita, na tangu hapo hatujapata mkutano mtulivu. Phanice huketi mstari wa mbele, humpinga mumewe mpaka jasho limtoke, kisha wanarudi nyumbani pamoja.

Ila koti hakuvaa tena. Kila Julai amekuja kazini na sweta kuukuu, akikohoa, akisema hasikii baridi, na kwamba atavaa koti siku litakapotengenezwa hapa nchini. Kwa hiyo zawadi yake haikutaka mjadala. Tulilitafuta koti la namna hiyo kutoka Riruta Satellite hadi Kibera, tukarudi mikono mitupu. Ndipo Ndeti, huyu huyu asiyeamini mipaka, akaleta kitambaa alichokificha chini ya kitanda tangu 1993, kipande cha mwisho kilichofumwa na mashine ya Wanzala. Kavetsa akakishona.

Ndugu Wanzala, asante kwa kutunyima usingizi. Wewe na Mama Derrick tunawaombea siku njema, na hicho kifua kipone. Koti lako hili hapa, livae. Kitambaa ni chetu na mshono ni wetu. Vifungo ametoa Phanice, kwenye lile la kijivu.

Trizah Nafuna, karani wa tawi