Kadi ya Idi kwa Mkuu wa Gereza

Bi. Daulat Madatali anastaafu Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, baada ya miaka kumi na minane na ushei ya kuitumikia Kamati ya Kutetea Haki katika Nchi za Kiarabu, hapa North York, Toronto. Aliajiriwa tarehe 5 Mei 1980 kwa wiki mbili tu, kushika nafasi ya mpiga taipu aliyekwenda kujifungua. Mtoto aliyezaliwa siku zile sasa anaendesha gari. Wiki mbili za Bi. Daulat ndizo zinazokwisha Jumanne.

Kurasa za Kiarabu na Kiingereza za kijitabu hiki cha kumuaga zimeandikwa na wasomi, nao wamemsifu ipasavyo. Ukurasa huu wa Kiswahili nimepewa mimi, Ngugi, mtunza faili, kwa kuwa ofisini ni sisi wawili tu tuliogombana kwa Kiswahili. Bi. Daulat mwenyewe aliagiza kwamba mambo ya kweli yaandikwe kwa lugha ya ugomvi. Mwanawe Alykhan ataelewa kila neno, kisha atatoa maoni yake kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

Alizaliwa Tanga, katika nyumba yenye duka la vitambaa upande wa barabarani. Baba yake alikuwa na desturi moja: kila mtu ambaye jina lake limo katika daftari la anwani alipelekewa kadi siku ya Idi, hata yule ofisa aliyewahi kulifunga duka mara mbili. Bi. Daulat alikuja Toronto mwaka 1973 na masanduku mawili, cheti cha kupiga taipu, na desturi hiyo.

Kamati aliyoikuta ilikuwa na wanasheria, walimu na waandishi kutoka nchi sita za Kiarabu, waliokubaliana kuhusu uhuru na hawakukubaliana kuhusu kitu kingine chochote, hata kuhusu dirisha, lifunguliwe au lisifunguliwe. Walilaani marais wa maisha kila Alhamisi, chini ya mwenyekiti aliyekuwa madarakani mwaka wa kumi na moja. Bi. Daulat alipoandika jambo hilo katika kumbukumbu za mkutano, bila kuongeza neno lake, uchaguzi uliitishwa mwezi uliofuata. Kura zilipigwa ndani ya kopo la biskuti. Mwenyekiti alishindwa kwa kura moja, akadai zihesabiwe upya mara tatu, kisha akatoka kwa hasira na kopo.

Kazi yetu hasa ni barua. Tunawaandikia mawaziri, majaji na wakuu wa magereza, tukitaja majina ya watu waliokamatwa kwa kusema au kuchapisha. Faili zito kuliko yote lilikuwa la Nizar, mchapishaji aliyekamatwa mwaka 1989 kwa kuchapa orodha ya waandishi waliofungwa. Nchi yake siitaji, maana bado tunaiandikia. Mkewe, Ibtisam, alikuwa akiishi ghorofa ya kumi na nne huko Etobicoke, magharibi ya jiji, na kuhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuja kwetu kila Ijumaa kabla ya zamu yake. Swali lake lilikuwa moja, yu hai au amekufa, na jibu la serikali ya kwao kwa miaka minne lilikuwa moja pia: hakuna mtu wa jina hilo. Tulikuwa tumekwisha kutuma barua sitini na moja, zote zikianza kwa neno “tunalaani”.

Idi ya Machi 1993 ndipo tulipogundua kwamba Bi. Daulat, kwa ukamilifu wake wa kikazi, alikuwa ametuma kadi za Idi kwa kila jina lililomo katika daftari letu la anwani. Kila jina. Mawaziri wawili wa mambo ya ndani na wakuu kumi na wanne wa magereza walitakiwa heri, afya na furaha pamoja na familia zao, kwa niaba yetu sote, na muhuri wa Kamati chini.

Tulipandwa na mori. Mkutano wa dharura uliitishwa, na Kamati ya kutetea uhuru wa kusema ikaketi kumwadhibu mtu kwa alichokiandika. Bi. Daulat alijitetea kwa sentensi moja: “Mtu ninayemwandikia mwaka mzima, siku ya Idi nitampita kama sikumwona?” Kura tano dhidi ya nne ziliamua afukuzwe kazi, kwa notisi ya mwezi mmoja. Mmojawapo wa walionyoosha mkono ni mimi, na ninaona haya mpaka leo. Kumbukumbu za mkutano ule alizipiga taipu yeye mwenyewe, bila kosa hata moja.

Siku ya kumi na tisa ya notisi ilifika barua kutoka kwa Kanali Fawzi, mkuu wa gereza ambaye hakuwahi kutujibu. Alishukuru sana kwa kadi. Alisema binti yake ameolewa, na kwamba yeye mwenyewe goti linamsumbua. Tena, kwa vile mama aliyemwandikia amewatakia afya wote waliomo nyumbani kwake, angependa ajue kwamba Nizar ni mzima, ndiye anayetengeneza mashine ya kuchapia ya gereza, naye anasalimu. Ni meno tu yanayomuuma.

Ibtisam aliisoma barua ile akiwa amesimama, kisha akaketi sakafuni kando ya mashine ya fotokopi. Aliuliza ni meno ya upande gani.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Barua ile ilikuwa ushahidi kwamba serikali inadanganya, na kuitangaza kungeweza kumtoa Nizar. Kungemwangamiza pia mtu aliyeiandika kwa adabu tu. Sisi wengine hatukuona tatizo. Mkuu wa gereza ni mkuu wa gereza. Bi. Daulat peke yake hakulala siku mbili. Siku ya tatu alimtazama Ibtisam, akakaa mbele ya taipu, akaipiga kwa mkono wake nakala ya kupelekwa magazetini.

Nizar aliachiwa Desemba ile, akashuka Toronto na koti la kuazima. Kanali Fawzi alikuwa amekwisha kuchukuliwa wiki ya tatu baada ya barua kutoka magazetini. Tulipouliza, wizara ilitujibu kwa faksi kwamba hakuna mtu wa jina hilo.

Uamuzi wa kumfukuza Bi. Daulat haujafutwa rasmi hadi leo, kwa kuwa kila ulipowekwa kwenye ajenda wajumbe walibishana juu ya utaratibu. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, basi, tunamuaga mtu aliyefukuzwa miaka mitano iliyopita. Yeye alitumia muda huo kufungua faili la Kanali Fawzi. Wajumbe walipiga kelele kwamba hatutetei wafungaji. Alituomba tumwonyeshe mahali katika katiba yetu palipoandikwa “isipokuwa”. Tulitafuta jioni nzima.

Mwaka juzi mfungwa mmoja aliyeachiwa alituambia kwamba Kanali yuko katika gereza lake lilelile, upande wa ndani. Bi. Daulat aliandika ombi la kuachiwa kwake, lakini halikupata sahihi hata moja. Mwishowe alimpelekea Nizar. Nizar alilisoma, akalitupa mezani, akaondoka bila kuaga, na hakuna aliyemlaumu. Alirudi kesho yake na kalamu. Alisahihisha namba ya chumba, kwa kuwa anakijua, na chini yake akaongeza kwa mwandiko wake kwamba upande ule wa jengo ni baridi sana na goti la mtu huyu ni bovu, apewe blanketi mbili. Kisha akatia sahihi, wa kwanza. Baada yake sote tulipanga foleni.

Bi. Daulat, tunakushukuru kwa uvumilivu wako, na tunakuomba radhi, mimi wa mbele kabisa. Faili la Kanali Fawzi sasa liko mezani kwangu na barua yake nitaiandika kila mwezi. Tunakutakia afya njema, wajukuu wenye kelele, na asubuhi moja isiyo mbali simu kutoka ofisini, ya kukuambia kwamba ametoka.