Nyumbani kwa Droni ni Wapi

Ndugu zangu, nashukuru kwa nafasi hii. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniagiza nisimame nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka, na nisimtaje mtu kwa jina. Hilo la majina halinisumbui, maana aliyeanguka kwanza hakuwa mtu. Ilikuwa droni. Mimi nilifuata baadaye.

Wengi wenu mnajua kazi yangu ni picha. Nilijifunza peke yangu, kwa kuharibu filamu nyingi na kusoma kila karatasi iliyofungashwa pamoja na kamera. Kwa miaka mingi studio yangu ililisha familia. Kisha simu zikaja, kila mtu akawa mpiga picha, nikabakiwa na picha za pasipoti na harusi chache. Na hata wenye harusi walikuwa wamebadilika. Zamani walikuwa wakiniuliza nina uzoefu gani. Sasa wanauliza una droni? Ukisema huna, wanakushukuru vizuri kabisa, wanakwenda kwa mwingine.

Basi nikaamua kununua. Na nawaambia ukweli, sikununua kama mjinga. Nilitaka kuijaribu kwanza. Muuzaji, ambaye alikuwa anapita tu hapa mjini na bidhaa zake, alikubali tukutane asubuhi kwenye uwanja mmoja hapa Katubuka. Hewa ilikuwa imetulia, hata jani halitikisiki. Akaipaisha mpaka ikawa kama nzi, akanikabidhi rimoti, akaniambia niizime. Nikasita.

"Zima tu, kaka," akasema. "Hii ikipoteza mawasiliano, au betri ikikaribia kuisha, inarudi nyumbani yenyewe."

Nikazima. Kweli ikageuka, ikaja, ikashuka taratibu mbele ya viatu vyangu kama mbuzi anayelijua zizi lake. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitisha jambo. Nikalipa, nikashughulikia usajili na kibali kama sheria inavyotaka, nikaandika neno "droni" kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa studio.

Kazi kubwa ya kwanza ililetwa na mama mmoja wa Ujiji ambaye mtaa mzima tunamwita Shangazi. Alikuwa anamwoza binti wa kaka yake kwa kijana wa kijiji cha mwambao wa kaskazini, na bibi harusi angepelekwa kwa boti. Shangazi hakuniuliza habari za ukumbi wala keki. Alisema mama yake, yaani bibi yake binti, yuko Simbo na miguu imemkatalia, hawezi hata kufika ufukweni. Anachotaka ni kimoja tu: bibi amwone mjukuu wake akivuka maji. Hayo mengine hata simu zitapiga.

Nikamwahidi mbele ya watu. Na nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba kazi hii ndiyo itakayoamua. Ikienda vizuri studio itaishi; ikiharibika nitafunga mlango, nitafute shughuli nyingine. Sikuwa natisha mtu. Hali ilikuwa imefika hapo.

Siku ikafika. Boti ilikuwa imetia nanga karibu na ufuko wa Ujiji ikimngoja bibi harusi, na mimi nikiwa ndani ya boti nikairusha droni kutoka kwenye ubao wa mbele. Ikampiga picha akiletwa, akipandishwa, shela inapepea, wanawake wanaimba. Injini ikawashwa tukaondoka, droni juu yetu. Ndugu zangu, nilichokiona kwenye kioo cha rimoti sijawahi kukiona tangu nianze kazi: boti nyembamba, mkia mweupe wa maji nyuma yake, na milima ya Kongo kule ng'ambo. Nikasema moyoni, bibi ataona.

Ilikuwa alasiri, na upepo wa ziwani ukaanza. Betri ikapungua haraka kuliko nilivyozoea, rimoti ikaanza kulia, na ujumbe ukatokea kwamba droni inarudi nyumbani. Watu wakashtuka. Nikawatuliza. Nikawaambia msiwe na wasiwasi, inarudi nyumbani, nikasimama nikanyoosha mikono kuipokea.

Ikapita juu ya vichwa vyetu. Wanawake wakaipigia vigelegele, wakidhani ni sehemu ya mambo niliyoyapanga. Ikaelekea Ujiji, nikibonyeza kila kitufe nilichokijua, ikafika mahali pale pale boti ilipokuwa imetia nanga, ikapunguza mwendo kwa adabu, ikashuka juu ya maji. Kioo kikawa cheusi. Ziwa letu mnalijua, likichukua kitu halirudishi, na kadi yenye picha zote ilikuwa ndani ya droni.

Nahodha, ambaye mama yake ni wa Burundi, aliitazama mpaka ikazama, kisha akasema taratibu, "Mpiga picha hakusema uongo. Imekwenda muhira." Boti nzima ikacheka, kwa sababu muhira kwa Kirundi ndiyo nyumbani. Na mimi nilicheka, lakini cheko langu lilikuwa la mdomo tu.

Mji huu, jambo likitokea majini saa tisa, saa kumi liko stendi. Vijana wa bodaboda waliniuliza kama samaki wetu migebuka wameshatuma picha zao. Fundi simu wa jirani alinishauri niongeze kwenye ubao: pasipoti, harusi na chini ya maji. Hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni kwenda kwa Shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakupandisha sauti.

"Mdogo wangu, mimi nimekuelewa," akasema. "Sasa twende Simbo, ukamweleze mama wewe mwenyewe kwamba imerudi nyumbani."

Tukaenda. Nikamwamkia bibi, nikakaa kwenye kigoda, nikaeleza. Akaniuliza kama mtoto alilowa. Nikamwambia hapana, alifika mkavu. Akasema, basi. Neno lile "basi" lilinielemea kuliko maneno yote ya stendi. Niliporudi nikafunga mlango wa studio, nikaufuta ubao.

Siku zikapita nikiwa nyumbani ninamlaumu muuzaji. Kila nikianza, mke wangu alikuwa akiendelea na kuchambua mchele. Leo yupo hapa, amekaa pale nyuma, anatabasamu, anajua ninapoelekea. Siku moja akaniuliza swali bila hata kuinua kichwa.

"Ulimuuliza nyumbani ni wapi?"

Sikuuliza. Nani anayeuliza nyumbani ni wapi? Kwetu sisi nyumbani ni walipo watu wako. Familia ikihama Simbo ikaja Katubuka, nyumbani kumehama pamoja nayo. Mtoto akitoka shule hatakwenda kwenye nyumba mliyohama, atawafuata mlipo. Mimi nilikuwa ndani ya boti, mwenye droni, niliyeichaji na kuifuta vumbi. Akilini mwangu nyumbani kwake palikuwa mimi.

Nilikwenda kwa mpiga picha mwenzangu wa hapa mjini. Huyu tulikuwa tunanyang'anyana wateja, hata salamu zetu zilikuwa fupi. Nikamwomba droni yake kwa muda mfupi, nikamweleza kwa nini. Angeweza kucheka akafunga mlango. Akachukua begi lake tukaenda wote uwanjani. Tukairusha kutoka goli moja, kisha nikaishika rimoti nikatembea mpaka goli la pili, nikabonyeza kitufe cha kurudi. Droni haikuniangalia. Ilikwenda kushuka kule tulikoirushia, mahali patupu, ikakaa inasubiri. Nyumbani kwake palikuwa pale ilipoondokea, basi. Mwenzangu akaniambia kwamba yeye naye ana kazi ya boti Jumamosi ile. Tukatazamana, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Hapo ndipo nilipoanza kuinuka, kwa sababu nilielewa kosa langu lilikuwa wapi. Asubuhi ile ya kununua nilikuwa nimesimama pale pale droni ilipopaa. Nyumbani kwake na miguuni pangu palikuwa mahali pamoja, kwa hiyo jaribio lile lisingeweza kunionyesha tofauti. Nililitazama kwa macho yangu na halikunifundisha kitu. Ndugu zangu, jaribio ambamo kitu hakiwezi kushindwa si jaribio, ni maonyesho.

Nikafungua tena studio, nikarudia pasipoti, na polepole nikapata uwezo wa kutafuta droni nyingine, iliyotumika. Safari hii muuzaji alikuwa kijana, akaniambia tukutane asubuhi. Nikamwambia hapana, tukutane ufukweni Ujiji alasiri, upepo ukishaanza. Alikuja na mbili nichague.

Ya kwanza nilizungusha mota zake kwa kidole. Tatu zilizunguka laini, ya nne ilikuwa inasaga kama kinu, mchanga umeshaingia. Nikaitoa betri nikailaza juu ya kioo cha simu: ikacheza kama yai. Betri iliyovimba tumbo haina miezi mingi. Nikaiweka pembeni. Ya pili mota zilikuwa safi na betri ilitulia. Nikaiwasha nikaielekeza ziwani. Nyinyi mafundi ujenzi mna pima maji. Mimi nina ziwa lote. Mstari wa maji chini ya milima ulikuwa umenyooka kwenye kioo, nikainamisha mwili wa droni kushoto na kulia, na mstari ukabaki umenyooka. Nikajua kishikio cha kamera ni kizima. Nikamwambia kijana aifute kwenye akaunti yake mbele yangu, maana droni ambayo bado inamjua bwana wa zamani inaweza kukataa kukutii. Nikamuuliza mapangaboi yake ya akiba yanapatikana wapi, hapa hapa au mpaka yaletwe kwa treni.

Kijana akachoka. "Mzee wangu," akasema, "unanunua droni au unaoa?"

Watu waliokuwa wanaanika dagaa wakacheka. Nikamwambia wakati wa kuoa sikukagua hivi, na nilipata kilicho bora. Ila ile ilikuwa bahati, na bahati huwezi kuitegemea mara mbili.

Nikaomba jambo la mwisho. Nikairusha ikiwa imeupa upepo mgongo, ikaenda mbali upesi. Kijana akasema unaona nguvu yake. Nikamwambia bado, kwenda na upepo hata karatasi inakwenda. Nikaigeuza irudi ikiukabili upepo huku nikitazama betri. Ilirudi kwa shida, ikilia, lakini ilirudi ikiwa na akiba. Tena wakati inarudi nilikuwa nimeshahama mahali, nimeiagiza kwenye rimoti kwamba nyumbani kwake sasa ni hapa nilipo. Ikaja hapa nilipo. Nikainunua.

Sikuandika chochote kwenye ubao. Kazi zikaja moja moja, za nchi kavu. Halafu siku moja Shangazi akaingia studio, akakaa, akaomba maji. Binti yule alikuwa amejifungua, arobaini imekwisha, anamleta mtoto Ujiji kwa boti. Nikangoja kusikia kwamba wamempata mpiga picha. Akaniuliza kitu kimoja.

"Na hii, boti ikiondoka?"

Nikamwonyesha. Nikamweleza kwamba sitaisubiri ichoke. Nitaiita mapema, betri ikiwa bado nusu, na nitaidaka kwa mkono. Kama upepo utakuwa mkali kuliko kipimo changu, sitairusha kabisa, na nitamwambia hivyo hapo hapo. Akasema hilo la mwisho ndilo alilotaka kulisikia.

Siku ile niliogopa, sitaficha. Lakini niliirusha, nikaiita, nikaidaka, na nahodha yule yule akanipigia makofi. Kesho yake tukaenda Simbo na kompyuta. Bibi akawekewa mto mgongoni, mjukuu upande mmoja na kitukuu mapajani, akatazama boti inavyokuja juu ya maji mpaka mwisho. Akaomba irudiwe. Kisha akaniuliza, "Huyo aliyekuwa kule juu, alishukaje?" Nikamwambia nilimpokea mkononi, bibi. Akasema, umefanya vizuri, mwanangu.

Namshukuru mke wangu kwa swali lake. Namshukuru mwenzangu wa kazi aliyenipa droni yake wakati kuanguka kwangu kulikuwa faida yake. Siku hizi tunapeana kazi. Namshukuru Shangazi, na nyinyi nyote mliokuwa mkinigongea mlango nilipoufunga. Na somo langu ni dogo. Ukienda kununua chombo, muuzaji atakuonyesha kinavyofanya kazi. Mwache amalize. Halafu muombe akuonyeshe kinavyoshindwa, mahali utakapokitumia, saa utakayokitumia, na wewe usiwe umesimama pale alipokusimamisha. Kinachoshindwa kwa namna unayoijua, unaweza kuishi nacho.

Bibi wa Simbo hajaniacha. Ameona kazi ya droni, sasa anataka nilipige picha shamba lake la michikichi kutoka juu, aone jirani amesogeza mpaka kiasi gani. Nakwenda Jumanne, kama upepo utaniruhusu. Wawili humu mmeniambia mnataka kununua droni, karibuni tuongozane. Jirani wa bibi mwenyewe ameshasikia, na nimeambiwa ameanza kurudi nyuma.