Tuta la maua lililogawanywa kwa kamba

Kwenye basi la jioni, kiti cha mbele yangu, mzee mtunza bustani wa hospitali alikuwa akimsimulia mama asiyemjua kwa furaha ya mtu aliyejibiwa maombi. Kesho mganga mkuu angeamua kama tuta la maua mbele ya wodi ya wazazi libaki, au limwagiwe zege pawe maegesho.

"Nimeligawa kwa kamba, mama. Huku mbolea, huku bila. Wiki sita! Upande wa mbolea maua yamefika kiunoni, wa pili ni vijiti. Akiona tofauti hiyo, mbolea atanunua mwenyewe!"

"Mbolea ya nini, baba? Mimi muuza miche, na maua yangu hayajawahi kuionja."

"Basi unauza majani!"

Mama alicheka mpaka kikapu kikamtoka mapajani. "Haya, bingwa. Na maji uligawaje?"

"Nilimwagilia yenye mbolea. Yale mengine hayajala, maji ya kushushia nini?"

Niliacha kujifanya nasoma daftari.

"Wiki sita hayajanywa? Baba, umeyaua kwa kiu! Kesho bwana mkubwa ataona vijiti, ataita zege."

Mzee alivua kofia. "Mungu wangu! Dereva, shusha!"

Basi liliposimama aliruka chini, akavuka barabara kungoja la kurudi hospitalini. "Nakwenda kuyanywesha," alipaza sauti, "lakini mbolea ni mbolea!"

"Maji!" mama alimjibu dirishani.

Nami, nisiyejua kupanda hata kitunguu, niliviombea vile vijiti.