Bi Penseli na Jalada Nililolifuta

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mchambuzi wetu wa hatifungani atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili katika Mfuko wetu wa Pensheni. Mhariri wa jarida hili ameniomba nimwandikie kwa kuwa mimi ndiye niliyemwajiri, nilipokuwa mkuu wa idara ya uwekezaji. Nina miaka themanini na mmoja, naandikia kitandani, na daktari ameniambia moyo wangu sasa unafanya kazi nusu siku. Kwa hiyo sitazunguka sana.

Alifika asubuhi yake ya kwanza akiwa na mkoba wa kitambaa na penseli mbili zimechomekwa nyweleni. Kufikia saa nne idara nzima ilikuwa inamwita Bi Penseli, na jina la kwenye cheti likabaki huko huko kwenye cheti.

Kwa wasiojua kazi yake: hatifungani ni mkopo. Serikali au kampuni inachukua fedha za Mfuko, yaani michango ya wauguzi, walimu na mafundi, inaahidi riba kila nusu mwaka na kurudisha fedha zote muda ukiisha. Zipo taasisi zinazopima kama mkopaji ataweza kulipa, nazo humpa daraja la herufi. Kuanzia A tatu kushuka hadi B tatu ni daraja la uwekezaji. Chini ya hapo ni kubahatisha, na kanuni zetu zilitukataza kugusa.

Karani aliandika daraja la taasisi kwa wino kwenye jalada la kila hatifungani. Bi Penseli akaanzisha desturi yake: alisoma mwenyewe hesabu za mkopaji, mstari kwa mstari, kisha kando ya wino akaandika daraja lake kwa penseli. Nilipomuuliza kwa nini asitumie kalamu kama watu wengine, alicheka. Alisema daraja ni maoni ya siku ile, na kampuni inayokimbia leo inaweza kuamka na homa mwezi ujao. Alitaka kuwa tayari kufuta.

Mpishi wa kantini aliwahi kumuuliza kama mtu akinunua A tatu anaweza kulala usingizi. Bi Penseli akaomba chaki, akaanza kuviandika viti. Hiki A tatu, ruka juu yake ukitaka. Hiki B tatu, kaa, kula, ila usibembee. Hiki B mbili, kaa huku umeshika meza. Mchana ule mwenyekiti wa bodi, mtu mwenye mwili wake, akaja kula nasi, akakalia B tatu na kuegemea nyuma kwa raha zake. Tulimwokota sakafuni. Akakisoma kiti, akafoka, “Nani kakipa hiki B tatu? Hiki ni C!” Bi Penseli akamjibu kwa heshima zote, “Mheshimiwa, kilikuwa B tatu mpaka ulipobembea.” Kantini ilivunjika mbavu, na mwenyekiti hakusahau tena kwamba B tatu ndiyo ngazi ya mwisho ya usalama.

Dereva wetu alipokaribia kustaafu alitaka kutia kiinua mgongo chake chote kwenye hatifungani moja, kwa sababu ilikuwa na A tatu. Bi Penseli alimkalisha saa nzima. Alimweleza kwamba hata A tatu bei yake hushuka riba za sokoni zikipanda, na akihitaji kuiuza kabla ya muda wake atauza kwa hasara. Dereva akagawa fedha zake kwenye hatifungani nne, zenye kumaliza muda miaka tofauti. Mpaka leo hupita kumsalimia shemeji yake, kama anavyomwita, ingawa hakuna undugu wowote.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Katika mwaka wake wa kumi na mbili, kampuni moja ya saruji ilitoa hatifungani. Wino ulisema A. Penseli ikasema B mbili. Bi Penseli aliniletea na dokezo la ukurasa mmoja: kampuni inajenga tanuru litakalojilipa kwa miaka ishirini, kwa mikopo ya kurudishwa ndani ya miezi sita, daraja lake lina miezi kumi na moja, na aliyelitoa amelipwa na kampuni hiyo hiyo. “Mkuu, faida yao iko kwenye karatasi,” aliniambia. “Kule benki haipo.”

Mkurugenzi wao wa fedha nilisoma naye darasa moja, na nilikwishampa neno langu kwamba Mfuko utanunua. Nikamwambia, “Mama, waliosoma kutuzidi wameshaikadiria.”

“Waliikadiria mwaka jana, mkuu.”

Alipotoka nilichukua raba, nikafuta penseli yake. Dokezo nikalitia mfukoni mwa koti. Kamati iliona wino peke yake, ikapitisha kwa dakika kumi.

Miezi kumi na saba baadaye kampuni ilishindwa kulipa riba. Daraja likaporomoka kutoka A hadi C ndani ya wiki moja. Tuliokoa sehemu mbili kati ya tano, na wastaafu wakakosa nyongeza yao miaka miwili. Wakaguzi wakauliza kwa nini mchambuzi hakuweka daraja lake, mbona nafasi iko tupu. Bi Penseli akasema, “Niliandika.” Akaniangalia. Mimi nikaangalia feni.

Akapewa barua ya onyo la mwisho. Mara tatu jina lake lilipendekezwa kwa ukuu wa kitengo, na mara tatu barua ile ikamrudisha kwenye meza ile ile. Mimi nilistaafu kwa keki na hotuba.

Mwezi uliopita nilimwomba binti yangu anipeleke ofisini na lile dokezo, ambalo nimelificha miaka ishirini na miwili. Mtunza masjala akatoa jalada. Nafasi ilikuwa safi. Lakini Bi Penseli huikandamiza penseli kama anayepiga pasi kola, na tulipoliinamisha jalada dirishani, herufi B mbili zilikuwa zimechimbika kwenye karatasi ngumu. “Baba, hata mimi naziona,” binti yangu alisema, kisha akatazama pembeni. Mkurugenzi mkuu naye aliziona. Jumanne iliyopita barua ya onyo ilifutwa, na pensheni ya Bi Penseli itakokotolewa kwa cheo cha mkuu wa kitengo, kuanzia siku aliporukwa mara ya kwanza.

Nilimpigia simu kabla haya hayajachapwa, asije akayasikia ukumbini siku ya kuagwa. Nilisikia birika likichemka kwake. Kisha akasema, “Mzee, nilijua siku ile ile. Raba yako ilikuwa ya bluu, iliacha vumbi la bluu kwenye jalada.” Nikamuuliza kwa nini hakusema. “Ningemwambia nani? Malalamiko yalikuwa yanaletwa kwako.” Akazima birika. “Na wewe nimekuwekea daraja lako. Lipo.”

Sikuthubutu kuuliza ni lipi.

Bi Penseli, wastaafu wanaopokea fedha zao kila mwezi bila kukujua wanalindwa na macho yako. Kwa niaba yao, na ya vijana uliowafundisha kusoma kilicho nyuma ya herufi, asante. Uwe na afya, uamke saa unayotaka, na siku zako zijae vicheko kama vya mchana ule wa kiti. Kuhusu daraja langu, naomba tu uwe umeliandika kwa penseli.